Risala ya Darasa la Sita Kuhusu Sufuria Tuliyoiosha

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Makumbusho ya Historia ya mji wetu, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi, na ninyi wadogo zetu wa darasa la nne mliokaa chini hapo mbele:

Karibu sana shuleni kwetu, Mkurugenzi. Tumefurahi kukuona, na tunakiri kwamba tumeogopa kidogo pia.

HISTORIA YA ZIARA ZETU

Mwalimu wetu wa Historia alianzisha ziara hizi miaka sita iliyopita. Tulikwenda kwa miguu, wawili wawili, tukipita gereji na posta. Mlangoni tulipokewa na mzee mtunzaji, tunayemwita Babu Funguo kwa sababu husikika kabla hajaonekana.

MAFANIKIO

Zamani tulidhani historia ni mambo ya watu wa mbali. Siku moja mwenzetu alimwona bibi yake katika picha ya wafanyakazi wa kiwanda cha kwanza, akiwa msichana na amenuna. Bibi huyo anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na makumbusho, wala hakuwahi kuingia. Alipoletwa, aliitazama picha akasema, "Sikununa mimi. Viatu vilinibana!" Maelezo hayo sasa yamebandikwa chini ya picha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, shule yetu ina desturi ya kufanya usafi popote inapotembelea. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi muhula wa kwanza, Babu Funguo alipokwenda kupokea simu, sisi tulitoa ndoo na matambara. Tulifuta taipureta na redio ya mbao. Kisha tukaiona sufuria ya kantini ya kiwanda, nyeusi tii. Tukaionea huruma. Tukaisugua kwa mchanga na waya mpaka tukaanza kujitazamia meno.

Kibao chake cha maelezo tulikifuta mwisho, kwa hiyo tulikisoma mwisho: "Masizi ya miaka themanini. Hayajaguswa."

Babu Funguo alirudi, akakaa kwenye ngazi. "Jamani wanangu," alisema, "mmeniosha miaka themanini!"

Mwenyeji hakupona. Tuliomba radhi, tukajitolea kuipikia upya kwa kuni, tukaambiwa masizi ya leo hayahesabiwi. Wiki iliyofuata ikaja barua: ziara zimesitishwa.

Wanaoumia zaidi si sisi, maana sisi tulishaona. Ni hawa wa darasa la nne, ambao zamu yao ilikuwa muhula uliofuata. Mwalimu huwafundisha taipureta kwa kugongagonga meza, na nusu yao wanaamini ni kinanda. Walipochora makumbusho kutokana na masimulizi yetu, wote walichora tembo ndani. Hatujui nani aliwaambia kuna tembo.

MAOMBI

Tunaomba ziara zifunguliwe, darasa la nne waanze. Ndoo zote zitabaki shuleni na Mwalimu Mkuu atazifungia stoo. Tunaomba pia Babu Funguo asipokee simu siku hiyo.

Mgeni rasmi, risala husomwa kwa "sisi", na wenzangu wamekubali kwa moyo safi iandikwe kwamba tuliisugua. Ukweli ni kwamba wao walikuwa kwenye redio. Aliyeisugua sufuria ni mimi, peke yangu, na nilijisifu. Tangu barua ije sijaweza kuwatazama wadogo zangu hawa usoni, na mmoja wao ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kama ni lazima mtu azuiwe, nizuie mimi. Nitawasindikiza hadi getini, nitakaa nje, wakitoka watanisimulia.

Mungu akujalie afya, wewe na Babu Funguo, na akulainishie moyo kabla hujasimama kutujibu.

Ni sisi watoto wenu,
Wanafunzi wa darasa la sita. Pamoja nami, msomaji.