Felicitas Karwirwa na Mpango wa Kamugaa

Wazee wetu, viongozi wa kanisa, majirani wa Mitunguu na ninyi mliotoka mbali, mimi naitwa Marete, kitinda mimba wa mzee Bundi, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, nami nitajaribu kufika mwisho.

Felicitas Karwirwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Githongo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Bundi na mama yetu Cicily, wakulima wa kahawa, akaanza shule ya msingi mwaka 1973, akamaliza kidato cha sita mwaka 1985, na kwa kuwa alipenda hesabu kuliko sisi sote, akaenda chuo cha ufundi kusomea mambo ya maji, akahitimu mwaka 1989.

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na mwalimu Mutegi, wakahamia hapa Mitunguu, wakapanda ndizi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Kaari, aliyezaliwa mwaka 1992 na ambaye sasa ana duka kule Nchiru, na Bundi, aliyezaliwa mwaka 1995 na ambaye ni mwalimu kama baba yake.

Kwa miaka mingi marehemu alifanya kazi katika miradi ya maji ya kunyunyizia mashamba, hadi tarehe 3 Machi 2008 alipoajiriwa na Wakala wa Nishati wa Kanda, na hapa naomba nieleze kidogo, kwa maana hata sisi nyumbani tulichelewa kuielewa kazi hiyo. Wakala haukuwa na nguzo wala nyaya za kumwekea mtu stima, kazi yake ilikuwa kuketi na wananchi, kuuliza kila boma linapikia nini na kuni zinatoka wapi, kupima kijito kina nguvu gani na paa linapata jua kiasi gani, kisha kuwasaidia wenyewe kuamua kipi kitangulie, kuuandika mpango huo na kuutetea kwa wakubwa mpaka utengewe fedha. Kwa njia hiyo shule kadhaa za upande wa Imenti zilipata majiko yasiyojaza moshi, na wakulima wa huku chini wakapata pampu za jua, na dada yangu akawa mtu wa kurudi nyumbani akiwa na vumbi na furaha.

Mwaka 2016 alitumwa Kamugaa, kijiji kikavu kule Mbeere, upande wa Embu, na katika mkutano wa kwanza wanaume walitaka mashine ya kusaga iwekewe umeme kabla ya kitu kingine, hadi mama mmoja, Virginia, akasimama akasema kwamba zahanati haina taa wala friji, na wanawake wanazaa humo kwa kubahatisha. Marehemu hakuwaamulia, aliwaacha wajadiliane mpaka wakakubaliana kwamba zahanati iwe ya kwanza, kisima kifuate, na mashine ya kusaga ije nyuma, wakamchagua Virginia kuwa mwenyekiti wa kamati, na mwaka uliofuata mpango ukapitishwa na fedha zikaahidiwa.

Fedha hizo hazikufika Kamugaa. Zilipelekwa kwenye mataa marefu ya soko moja lililo kando ya lami, na sisi hatukuja hapa kumtaja mtu, lakini dada yangu alizunguka ofisi baada ya ofisi akiuliza, na mkubwa mmoja akamjibu kwa upole kabisa, “Madam, mpango wenu ni mzuri, lakini taa ya soko inaonekana.”

Tarehe 22 Mei 2019, mchana kweupe, binti ya Virginia, aliyeitwa Nelius, alijifungua mtoto wa kike katika zahanati ile, kisha damu ikakataa kusimama, na dawa ya kuisimamisha ni ya kuwekwa kwenye baridi, na friji ilikuwa bado kwenye mpango. Muuguzi alifanya alichoweza, gari la kumpeleka Embu mjini likafika akiwa amekata roho.

Marehemu alienda kwenye mazishi yale, akasimama nyuma ya watu, lakini Virginia alimwona, akamjia mbele ya wote, akamwambia, “Ulituambia tupange, tukapanga. Sasa nionyeshe, mimi nilipanga vibaya wapi?”

Tangu siku hiyo dada yangu hakuwa tena yule tuliyemjua, aliacha kuimba kwaya, chakula kilipoa mbele yake, na mwalimu Mutegi alipomsihi aiache kazi hiyo kabla haijammaliza, alisema kwamba akiiacha, Nelius atakuwa amekufa bure. Alirudi Kamugaa, akamwomba Virginia waende pamoja, na wale mama wawili wakawa wanaketi kwenye viti vya kungojea katika ofisi za watu, wakiambiwa warudi mwezi ujao.

Tarehe 30 Juni 2021 wafadhili waliondoka na Wakala ukafungwa, wenzake wakatawanyika kutafuta kazi nyingine, naye akaendelea bila ofisi wala cheo, na walinzi wa milangoni, waliokuwa wakimsalimia, wakaanza kumuuliza ni nani na anataka nini.

Mwezi wa Agosti 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, iliyokuwa imeenea kwa sababu alikuwa ameficha maumivu muda mrefu, akatibiwa Meru na Nairobi, akapata nafuu, kisha akalemewa. Siku mbili kabla hajafariki aliniomba nimpigie Virginia simu nimuulize kama zahanati imewekewa chochote, nami nikapiga, na sikuweza kumdanganya mtu aliye katika hali ile.

“Bado, dada,” nikamwambia.

Akasema, “Mwambie asinisubiri.”

Aliaga dunia tarehe 3 Novemba 2023, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotulishia ng'ombe na kumwagilia migomba, bwana Mursal wa Meru mjini, ambaye gari lake lilimpeleka hospitali kila tulipoomba, na wenzake wa uliokuwa Wakala, ambao nawaona pale wameketi pamoja. Tunawashukuru watu wa Kamugaa, mliofika alfajiri na Virginia, mkachimba kaburi pamoja na vijana wetu bila kuombwa. Na wakubwa mliokuja kutufariji, asanteni kwa kufika, zahanati ile haina taa hata leo, na jina lake sasa mnalijua.

Dada yangu, mtoto wa mama yangu, ulichoka mbele ya macho yetu na hatukujua la kufanya. Pumzika kwa amani, ile ambayo huku kwetu hukuipata.