Dalia za Mama Bilonda Florentine

Batata, bamama, na ninyi nyote mlioketi nasi kwenye matanga haya, familia imenituma mimi, Ntambwe Stéphane, mtoto wa kwanza, niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa ninyi majirani wa avenue hii mnajua kwa nini ningependa mwingine asome.

Mama Bilonda Florentine alizaliwa Mutshatsha tarehe 14 Machi 1958, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai, akasoma kwa masista hapa Kolwezi kuanzia 1964 hadi 1970, na tarehe 9 Agosti 1975 akafunga ndoa na Tata Ntambwe René, mfanyakazi wa mgodi, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa watoto watatu, yaani mimi, dada yangu Myriam, na Guelord, kitinda mimba wetu.

Kuanzia 1981 hadi 1994 alitunza bustani ya nyumba ya wageni wa mgodi, na ilipoachwa iote nyasi alirudi nyumbani na beseni la viazi vya maua ya dalia, akawa kila mwezi wa tano, ukame ukiingia, anavichimbua na kuvilaza katika majivu makavu, mwezi wa kumi anavirudisha udongoni, na kipindi chote cha mvua anakata vichwa vilivyonyauka, kwa sababu, alisema, ua likiachwa lizae mbegu mmea huona kazi yake imekwisha.

Mwaka 2016 mimi ndiye niliyesema chini ya bustani yake kuna madini ya kobalti, mimi ndiye niliyeng'oa dalia na kufungua shimo, nikamvuta mdogo wangu katika kazi hiyo, na tarehe 21 Februari 2017, baada ya siku tatu za mvua, shimo lilimfunika Guelord akiwa na miaka kumi na tisa, tukachimba siku sita tusimpate, naye yuko pale hadi leo. Mama akapanda dalia juu yake. Kila mwaka udongo ulizama kidogo, kila mwaka akaongeza beseni moja la udongo, na kwa miaka minane hakunitukana hata mara moja, lakini hakuniruhusu kugusa jani, na hilo nililiogopa kuliko matusi. Wapangaji wa nyumba yetu walisema wanasikia mtu akigonga chini ya dalia, na mimi pia nimesikia, sitaficha mbele ya jeneza hili.

Ugonjwa wa moyo ulimshika Januari mwaka huu, akalazwa tarehe 3 Machi, na kesho yake akanipa mkasi wake nikate vichwa vilivyonyauka. Nilikata haraka, kwa furaha, nikampelekea kikapu kizima nikitumaini amenisamehe. Kichwa kilichonyauka huchongoka, tumba lisilochanua bado huwa mviringo, na mimi sikujua. Mama aliyashika matumba yale moja moja, akasema, « Stéphane, hii yote ilikuwa bado. » Alifariki tarehe 27 Machi 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta maji na makaa, wanakwaya, na wenzake wa zamani wa kazini. Nanyi mlioanza kuniuliza juu ya kuuza kiwanja chetu, jibu ni hapana. Mwezi wa tano nitachimbua viazi kwa vidole, bila jembe, na majivu nimekwisha kuweka.

Mama, pumzika kwa amani. Guelord, kaka yako angali anakusikia.