Bi. Quinter na Kadi Zilizofika Doha

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Quinter Muhonja anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kusoma salamu katika Redio Isiukhu, hapa Kakamega. Mimi fundi wa mitambo nimekuwa naye tangu siku ya kwanza, kwa hivyo haya si ya kuambiwa.

Alipoanza mwaka 2003, kadi za salamu zilikuja kwa magunia. Siku moja nilibeba magunia saba peke yangu kutoka posta, na mvua inanyesha. Alizisoma zote bila kukosea jina, liwe la mtu wa kijiji cha Sigalagala au cha Bukura.

Halafu simu janja zikaingia. Watu wakawa wanasalimiana wenyewe, na nyimbo wanajichagulia mtandaoni. Magunia yakageuka kadi mbili kwa wiki. Mwaka 2019 meneja wetu, Bw. Jairus, akampa mwezi mmoja tu: salamu zisiporudi, kipindi kinafutwa, na yeye anaenda nyumbani.

Bi. Quinter akatangaza namba ya WhatsApp. Mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia, kwa dakika nne. Basi wasikilizaji wake, kwa utiifu, wakaandika kadi kwa kalamu kama zamani, wakazipiga picha, wakatuma picha. Vijana wa studio walicheka mpaka mmoja akamwuliza Bi. Quinter kama stempu imebandikwa kwenye simu. Bw. Jairus alitaka watu waambiwe wachape maneno kama wengine. Bi. Quinter alikataa. Alisema mtu akishakusalimia kwa mkono wake, humwambii arudie kwa kidole. Kila kadi aliyoisoma akaiweka pia kwenye ukurasa wetu wa Facebook.

Huko Doha, Nasambu, anayefanya kazi hotelini, akautambua mwandiko wa babake. Huyo ni Mzee Osiako, mkulima wa mahindi wa Lumakanda, ambaye hataki simu kabisa. Hata ile picha alipigiwa na jirani. Kadi iliuliza: "Nasambu, huko mnakulanga obusuma?" yaani ugali. Miaka mitatu hakuwa amepata neno la mzee. Akajibu kwa ujumbe wa sauti, Bi. Quinter akaurusha hewani: "Baba, obusuma iko, lakini si ya mahindi yako." Lumakanda yote iliacha majembe ikasogelea redio. Hata ng'ombe wa Bukura waliacha kucheua.

Kufikia Ijumaa ya wiki hiyo, sauti za watoto walio mbali na wazazi wao zilimiminika mpaka simu ya studio ikapata joto la kukaanga yai. Yai nililileta mimi. Kipindi cha nusu saa kikawa cha saa mbili, na ndicho kinachotulisha hadi leo, pamoja na wale waliocheka.

Bi. Quinter, asante. Haya tumeyaandika kwa kalamu, tumeyapiga picha, tumekutumia. Salamu hizi zikukute nyumbani kwako mzima wa afya, redio ikiwa wazi, na siku zako za mapumziko ziwe ndefu kuliko mlingoti wetu. Ukizipata, wasalimie watu watatu. Wa nne niwe mimi.