Tundu Lililopimwa Ramadhani

Asalaam aleikum, ndugu zangu wa kikundi. Kabla sijaanza, nani kafunga ule mlango? Fungua kidogo, dada. Zaidi. Hapo hapo, ahsante. Msinicheke, mbele mtaelewa.

Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini nimejenga ndege. Sasa mnaguna nini? Pale Zegereni, kwenye karakana moja katikati ya viwanda, kuna wasomi walikuwa wanaunda ndege ndogo ya umeme. Umeme wenyewe hautoki kwenye nguzo. Wanajaza gesi ya haidrojeni kwenye mtungi, gesi inaingia kwenye kisanduku, inakutana na hewa, umeme unazaliwa humo, mapanga yanazunguka. Moshi hakuna. Kinachotoka nyuma ni maji. Yaani ile ndege inakojoa maji safi, wallahi.

Kazi yangu ilikuwa kufagia. Ila Mungu alinipa kipaji cha wembamba. Nikigeuka ubavu, mke wangu anauliza nimeenda wapi. Sasa mtungi wa gesi ulikaa mkiani, na nyuma yake kuna nati ambazo hakuna mkono unazifikia. Injinia mkuu, dada mmoja asiyecheka ovyo, akaniangalia juu mpaka chini. "Kaka Sindano, njoo nikupime." Akanipima mabega, akanipima kiuno, wakatoboa tundu kwenye bodi ya ndege saizi yangu mimi, kama kanzu ya Idi.

Kosa lilikuwa hapo. Tulipimana Ramadhani, kumi la mwisho. Mimi nilikuwa nimebaki macho na imani.

Ikaja Idi. Ndugu zangu, nawaambia, mke wangu mtu wa Kibuta, na kwao pilau halipakuliwi kwa mwiko, linapakuliwa kwa jembe. Nilikula Idi mosi, Idi pili, nikaendelea mpaka Idi ambazo hata shehe hazijui. Kufunga Sita za Shawali nilikuwa naanza kesho, kila siku kesho.

Nikarudi Zegereni, Injinia akanituma nikakaze zile nati. Nikatanguliza mikono, kichwa, mabega, nikajisukuma, nikateleza mzima mzima. Nati nikazikaza. Sasa kurudi kinyumenyume: miguu ikatoka, kiuno kikagoma. Mmeshaona samaki kwenye mtego wa mgono, kule mto Ruvu? Kuingia anaingia kwa furaha.

"Toa pumzi!" fundi ananipigia kelele, kanishika mguu.

Nikatoa.

"Sindano, kwani umekula nini wewe?"

"Kila kitu."

Wakacheka, na mimi nikacheka humo humo ndani. Halafu king'ora cha gesi kikalia.

King'ora kile maana yake gesi inavuja. Na gesi ile ikipata cheche moja tu, mnaokotwa Mlandizi vipande vipande. Sheria ya karakana ni kwamba kikilia, acha kila kitu, kimbia. Wakakimbia. Yule aliyenishika mguu akauachia. Nikasikia viatu vinapungua, vinapungua, kimya.

Jamani. Giza. Mtungi unanigusa pua. Mikono iko mbele hairudi, kiuno kiko kwenye tundu hakiendi. Niliogopa hata kupiga chafya, nikadhani chafya nayo ina cheche. Nikasoma kila sura ninayoijua, zikaisha, nikaanza upya. Nikawaza mke wangu ataambiwa nini. Kwamba mumeo kafa kwa ajali ya ndege ambayo haijawahi kuruka?

Mara nikasikia mtu kanishika dole gumba la mguu.

"Nipo," ni Injinia.

"Dada, kimbia!"

"Mtungi nimeshaufunga. Milango yote iko wazi, gesi iliyobaki inatoka. Tulia. Usichezeshe hiyo spana."

Nikatulia. Dole langu hakuliachia mpaka king'ora kikanyamaza.

Wenzake wakarudi, wakaanza kunijadili kama spea. Kukata kwa grinda hairuhusiwi, inatoa cheche. Na bodi ikikatwa pale, mkia hauna nguvu tena, na wageni wanakuja wiki ile ile kuiona ndege inaruka. Mmoja akasema, "Tumwache asile, atapungua, keshokutwa atatoka mwenyewe." Nikajibu kwa ndani, "Basi Sita za Shawali nitafungia humu humu!" Hakuna aliyecheka. Ile ndege ndiyo ilikuwa maisha ya Injinia, kila mtu pale alijua.

"Leteni msumeno wa mkono na ndoo ya maji."

"Injinia, na wageni je?"

"Nimesema msumeno."

Akakata mwenyewe, taratibu, huku anamwagia maji. Nikamsikia anavuta kamasi. Sikumuuliza kama ni vumbi.

Nikatoka. Wageni walikuja wakaonyeshwa ndege yenye jeraha, wakanywa soda, wakaondoka.

Nikarudi nyumbani Kibuta nikijua yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Mlango ukifungwa tu, nasikia mtungi puani, jasho linanitoka la kumwagilia mihogo ya kata nzima. Nikang'oa milango ya nyumba yote. Mbuzi wakawa wanaingia kutuangalia tunakula. Nikang'oa na wa choo. Huko nikawa naimba, watu wajue kuna mtu. Siku moja pumzi imeniishia katikati ya wimbo, mama mkwe huyu hapa, uso kwa uso! Ningefanyaje? Nikamwamkia nimechuchumaa: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, anaangalia minazi. Akarudi kwake bila kunywa hata maji.

Mkishamaliza kucheka niambieni. Mke wangu siku ile hakucheka. Alilia. "Baba watoto, wanangu wanalala na mbuzi. Mpaka lini?" Nilijua nikishindwa kukaa ndani, nitaikosa familia.

Yeye ndiye aliyempigia Injinia. Dada akaja Kibuta na maboksi makubwa ya friji kafunga juu ya bajaji. Nilidhani kaja kunipa pole.

"Nimekuja kupima tundu upya. Umekula?"

"Bado."

"Kula kwanza. Ushibe."

Nikala kama niko Idi. Tukakata tundu kwenye boksi pale uani, nikapita, nikatoka. Mama mkwe alikuwa kaitwa, na msimwambie nimesema, mama yule Mungu hakumbania mwili.

"Na mimi nijaribu?"

"Wewe hasa, mama," Injinia akamwambia, akaongeza tundu. Mama akajipinda, akapita! Vigelegele mpaka Kisarawe mjini. Tundu likabaki hilo hilo.

Halafu Injinia akatoa mfuniko. Mimi nikarudi nyuma.

"Ndege hairuki na tundu wazi, kaka. Lakini angalia, komeo liko ndani. Unafunga wewe, unafungua wewe."

Mara ya kwanza nilikaa humo muda wa kupiga chafya moja, nikatoka mbio. Nikarudi. Nikatoka. Nikarudi. Siku zikaenda hivyo, mpaka mke wangu akawa anagonga boksi, "Wewe, ugali unapoa," kumbe nimelala. Milango nikairudisha mmoja mmoja, nikianza na wa choo, kwa ombi la kijiji kizima.

Na ndege? Ikatengenezewa mkia mpya, tundu saizi ya mama mkwe, komeo kwa ndani. Niliingia mwenyewe kukaza nati, nikiwa nimeshiba, nikatoka. Siku iliporuka ilipita juu yetu, na tone la maji likanidondokea usoni. Mimi ndiye mtu wa kwanza Pwani nzima kukojolewa na ndege, na nikasema alhamdulillah.

Namshukuru Injinia, namshukuru mke wangu, namshukuru mama mkwe kwa umbo lake. Na ninyi wa kikundi hiki hapa Kwa Mathias, kila kikao mmeniachia mlango wazi, vumbi la barabara mnalila ninyi, hamjawahi kuniuliza kwa nini. Nilichojifunza ni kwamba ukimpima mtu, mpime ameshiba. Na wewe uliyebanwa, usione aibu kuomba komeo liwe upande wako.

Sasa, dada, ule mlango. Hapana, kaa, kaa. Naenda kuufunga mwenyewe.