Nyongeza ya Mbuzi

Hivi wewe unayejiona msafi, ukipeleka gari kuoshwa huwa unalipia uchafu wa nani? Usinijibu haraka. Tangu shahada yangu igeuke pambo la ukutani nashinda kijiweni hapa, nikitazamana na uwanja wa Shangazi yangu wa kuosha magari, na swali hilo nimeliona likiwatoa jasho watu wenye tai. Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililobanwa kati ya geti la uwanja na kibanda cha Kikokotoo, fundi simu ambaye hajawahi kukosa jibu la hesabu wala kulipata sahihi. Pembeni yake hukaa Mjomba Breki, dereva mstaafu wa malori, mtu wa methali: anazo zote, ila kila moja anaiegesha pasipo pake. Mimi wananiita Digrii. Si heshima, ni kejeli. Kahawa inatoka kwa Shangazi, birika zima, bure kwa mteja anayesubiri gari. Sisi hatuna gari, lakini kusubiri tunajua.

Bei za Shangazi ziko hivi. Vumbi, tope la barabarani, kinyesi cha ndege juu ya paa: hivyo vimekuja vyenyewe, vimo ndani ya bei ya kawaida. Ulichokiingiza mwenyewe kwa mlango, hicho ni nyongeza. Akimaliza kufyonza viti, anatandika shuka jeupe chini na kumwaga juu yake kila kilichotoka ndani: makombo, mchanga, manyoya ya mbwa, kucha. Ndiyo, kucha. Anakuita, unatazama, ndipo anataja bei. Harufu ya sigara haitandikiki, kwa hiyo mvutaji anamketisha siti ya nyuma, anapandisha vioo, anamwambia, “Vuta pumzi, baba.” Wanatoka wenyewe, pochi mkononi. Na mtoto akitapika? Bure. “Mtoto hakupanga,” anasema, na ukimsukumia hela anakurudishia. Chuo walitufundisha kitu hikihiki muhula mzima, kwa projekta, wakakiita pricing strategy. Tulichosoma na anachofanya havipishani hata kidogo. Ila yeye ana kazi.

Basi Alhamisi asubuhi likaingia gari la ofisi ya mji, jeupe, nembo mlangoni. Aliyelileta ni afisa mwenyewe, yule anayetoa leseni za biashara. Alikaa upande wake na simu yake, kahawa yetu hakuigusa. Shangazi akafyonza, akatandika shuka, akamwaga. Vikaanguka vijipunje vyeusi, vingi, na manyoya ya kahawia, na kipande cha kamba.

SHANGAZI: Baba, njoo uone mali yako.

AFISA: Mali gani?

SHANGAZI: Hii. Utalipa bei ya kawaida, na juu yake nyongeza ya mbuzi.

Benchi zima tulisimama. Mjomba Breki alijimwagia kahawa na hakulalamika.

AFISA: Nyongeza ya nini? Mama, hili ni gari la umma.

SHANGAZI: Ndiyo, baba. Nimeona umma wenyewe una manyoya.

AFISA: Ofisi inalipa kuosha gari dogo, full stop. Mambo ya mbuzi hayamo kwenye bajeti.

SHANGAZI: Hata kwenye gari hayakupaswa kuwamo.

AFISA: Nisikilize vizuri. Ama unafuta hizo nyongeza zako zote, uwe na bei moja ya gari dogo na moja ya gari kubwa, ama Jumatatu nakuja na kufuli. Leseni yako inaisha wiki hii, iko mezani kwangu. Napiga simu moja, nikirudi unipe jibu.

Akaenda kusimama mbali na geti. Hapo uelewe kitu kimoja: uwanja ule unalisha nyumba tatu, ya Shangazi na za wale wanawake wawili anaofanya nao kazi. Na sahani yangu, nisijifanye. Shangazi akaja kukaa ukingoni mwa benchi, kitambaa cha kufutia vioo bado begani.

BREKI: Shangazi, mtoze kawaida aende zake. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo, yaoge.

KIKOKOTOO: Mjomba, hapo nani kavua nguo?

BREKI: Gari. Si limevuliwa mazulia?

KIKOKOTOO: Mimi naona tatizo ni kipimo. Anunue mizani. Uchafu utozwe kwa kilo, hakuna wa kubisha na mizani.

BREKI: Na harufu?

KIKOKOTOO: Harufu kwa lita. Unapandisha vioo, unapata ujazo wa gari, unagawanya kwa pua.

MIMI: Unagawanya kwa pua?

KIKOKOTOO: Kwa idadi ya pua zilizomo ndani, Digrii. Chuo mlikuwa mnasoma nini?

BREKI: Mizani gharama. Atoze kwa miguu. Mbwa miguu minne, mbuzi minne. Kuku miwili, nusu bei.

KIKOKOTOO: Na nyoka?

BREKI: Nyoka bure. Kama mtoto.

MIMI: Jamani, be serious, mtu anafungiwa hapa! Akifuta nyongeza, mbuzi atalipiwa na nani? Itabidi apandishe bei ya kawaida. Halafu muuguzi mteja wetu anayeleta vumbi tupu atalipia manyoya ya mkubwa. Yaani mwenye vumbi amfugie mwenye mbuzi!

SHANGAZI: Hilo ndilo ninalolikataa, mwanangu. Hilo tu. Kufuli naliogopa, lakini hilo siliwezi.

Alivyosema “naliogopa” alitazama chini. Mjomba Breki hapendi kumwona hivyo, akadakia.

BREKI: Tusimhukumu mtu. Huenda walikuwa mbuzi wa kazi. Mashahidi. Wamekamatwa wakila maua ya mji, wanapelekwa kuandika maelezo.

KIKOKOTOO: Waandike kwa kwato?

BREKI: Wanakanyaga wino, wanagonga. Mbona mihuri ya leseni zetu ndivyo ilivyo? Mbuzi hula urefu wa kamba yake. Huyu kamba yake imefika siti ya nyuma.

KIKOKOTOO: Mjomba, hujafikiri. Wale si mbuzi. Ni wakaguzi wa siri. Wamevishwa ngozi wapite mitaani wasijulikane.

BREKI: Na hizi punje nyeusi?

KIKOKOTOO: Ripoti.

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Nami nilicheka, nikiwa na hasira zangu zote mdomoni. Afisa akarudi akatukuta hivyo.

AFISA: Umeamua?

SHANGAZI: Nimeamua, baba. Nyongeza silazimishi mtu. Mteja akiikataa hatugombani naye. Tunamrudishia vitu vyake.

Akainama. Akakusanya shuka kwa ncha zake nne, taratibu, kama anayenyanyua kitoto kichanga. Akafungua mlango wa nyuma, akamwaga punje zote, manyoya yote na kile kipande cha kamba juu ya siti aliyokuwa ameifyonza mwenyewe mpaka ikarudi rangi yake. Akakung'uta shuka mara ya mwisho, akafunga mlango bila kuubamiza.

SHANGAZI: Tayari, baba. Bei ya kawaida.

Mimi nimeona watu wakipambana na ofisi hiyo. Nimeona mabango, nimeona hashtag, na mimi mwenyewe nimewaandikia barua za kuomba kazi zenye matusi katikati ya mistari. Sijaona aliyewakatalia kwa adabu ile. Nilitaka kupiga makofi, mikono ikakataa kwa heshima.

Afisa alibaki akitazama siti yake kupitia kioo. Sasa kulikuwa na mama mmoja mgeni, hatujawahi kumwona, kaleta kigari chake kilichojaa vumbi na alikuwa anasubiri zamu na kikombe chake mkononi. Akauliza polepole, kama anayeuliza njia:

– Samahani kaka. Hao mbuzi walikuwa wanakwenda wapi na gari letu?

Kikokotoo na Mjomba Breki wote wakamgeukia afisa.

AFISA: Ni... mambo ya ofisi.

– Yapi?

Afisa alimwekea Shangazi bei ya kawaida juu ya ndoo, hakumpa mkononi. Akasema neno moja, “Jumatatu,” akaingia garini na kuondoka ameshusha vioo vyote vinne.

Shangazi akaikunja ile hela, akajifuta uso kwa kitambaa cha vioo, akamgeukia yule mama: “Haya, wa vumbi, leta gari.”

Sasa nasema na nyinyi, wakubwa wa ofisi ya mji, with all due respect, kama ipo. Jumatatu acheni kufuli huko huko. Leteni leseni ya Shangazi imesainiwa, na nyongeza zake zote zikiwa hai. Leteni na hela ya mbuzi, nayo itoke mfukoni mwa aliyewapakia, isitoke kwenye ushuru wa mwenye vumbi. Na yule mama alipewa “mambo ya ofisi” badala ya jibu. Mwiteni, mkalisheni kwenye kiti cha maana, mwambieni mbele yetu sote: walikuwa wanakwenda wapi?