Risala ya Mafundi Pampu Kuhusu Kibao cha Marehemu Mabegi

Mgeni rasmi, ambaye ndiye Mkurugenzi wetu wa Maji; mama yetu, mjane wa marehemu, pamoja na watoto na wajukuu; wachungaji na mashemasi, wafanyakazi wenzetu:

KARIBU

Karibu karakana. Ungekuja siku ya kazi ungetukuta na grisi hadi viwikoni. Leo tumenawa, na sakafu tumeipiga deki mara mbili, kwa hiyo angalia usiteleze. Umekuja kufunua kibao cha kumkumbuka fundi mwenzetu aliyetutoka miezi mitatu iliyopita. Kabla hujashika kile kitambaa, tusikilize. Tumechanganyikiwa, na tunataka ujue ni wapi.

HISTORIA

Marehemu alikuwa Mbaptisti, shemasi, mume wa mke mmoja na baba wa watoto watano, kila mmoja kazaliwa kituo chake. Miaka thelathini na moja kazini, uhamisho mara nane. Tulimwita Mabegi. Kila barua ya uhamisho ilipobandikwa kwenye mbao za vituo vyote, tulimtania kwenye kikao cha pamoja cha mafundi: "Mabegi, safari hii wapi, mwezini?" Naye: "Mwezini hakuna maji, jamani, hawatanihitaji." Tukacheka, maana kila barua ya ofisi ilisema "kwa ombi lake mwenyewe". Na kibao chako, tulichokiona kabla hakijafunikwa, kinasema: "Msafiri aliyependa safari."

MAFANIKIO

Mabegi aliweka ncha ya spana kwenye pampu, upande wa pili sikioni, akakwambia beringi ipi inakufa. Kila alikohamia aliwatafuta Wabaptisti wenzake. Hao humbatiza mtu kwa kumzamisha mwili wote majini, na birika la ubatizo likivuja hakuna ubatizo. Basi akitoka kazini aliingia birikani na ndoo ya saruji. Mchungaji aliyekaa pale mbele alibatizwa katika birika lililozibwa na mikono hiyo.

Mafanikio ya ofisi tutayataja ikibaki nafasi.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni mfuko wa nailoni. Wiki iliyopita mama yetu aliuleta tuchague picha ya kutundika. Ndani tukakuta nakala za barua. Kwa Wabaptisti, mshiriki akihama, karani wa kanisa humwandikia barua ya kumkabidhi kwa kanisa jipya, na hutaja sababu. Kwa hiyo kila uhamisho una barua mbili. Ya ofisi: "kwa ombi lake mwenyewe." Ya karani: "Ndugu yetu hakuomba. Amehamishwa wiki moja baada ya kuuliza habari ya glavu za watu wa klorini." Karani mwingine, mji mwingine: "Aliuliza fundi aliyeungua amepelekwa wapi." Mara saba hivyo. Mheshimiwa, maswali hayo tunayakumbuka, na vile vikao vya pamoja alivyoyauliza tunavikumbuka. Yeye aliuliza, sisi tukatazama viatu vyetu. Wewe hukuwapo, tunakubali. Ofisi ilikuwapo.

Lakini barua ya sita ya kanisa inasema: "Safari hii ameomba mwenyewe." Hapo tukapotea kabisa. Tukamgeukia mama.

"Wanangu, msiniulize mimi," akasema. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimetundika mapazia, akaja akaniambia tufunge mizigo. Nilimnunia mwezi mzima."

Mpima klorini wetu akaomba kuiona tarehe. Akaisoma, akavuta ndoo, akaikalia.

"Ule uhamisho ulikuwa wangu," akasema. "Mke wangu alikuwa amelazwa, mimba ya wale mapacha. Nikaambiwa basi, baki. Nikadhani ofisi imenihurumia. Nikaiandikia barua ya shukrani!"

Mgeni rasmi, baadaye Mabegi alirudishwa hapa, akala na huyu bwana benchi moja miaka tisa, asimwambie. Kwa nini? Alitusamehe, au alituona hatufai kuambiwa? Sisi ambao hata siku ilipokufa pampu ndogo tunaikumbuka, hilo hatulijui, na wa kumuuliza ndiye huyo tuliyemzika.

MAOMBI

Tunaomba kibao kisifunuliwe leo. Mama anapita lango hili kila Jumapili akienda ibadani. Hatutaki asome uongo huo hadi atakapokufa.

Tunaomba pia faili lifunguliwe. Maneno "kwa ombi lake mwenyewe" yafutwe mara saba, yaachwe mara moja.

Mwisho, mchomeleaji wetu ameshakata bati jipya. Tunaomba ruhusa liandikwe hivi: "Aliomba uhamisho mara moja tu, ili mwenzake abaki." Ukikataa, kitambaa kiko karibu na mkono wako. Vuta, nasi safari hii hatutatazama viatu.

Mungu akulinde uendako, ampe mama yetu usingizi, na atupe sisi ndimi alizotunyima siku zile.

Ni sisi,
Mafundi Pampu na Wapima Klorini wa karakana hii,
tulionyamaza mara saba.