Sista Hesabu, Muuguzi Aliyetaka Kubishiwa

Tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi tunayemwita Sista Hesabu atakabidhi funguo za kabati la dawa la wodi ya watoto na kwenda nyumbani akiwa mstaafu. Ametumikia hospitali hii miaka thelathini na mmoja, yote katika wodi ileile, isipokuwa miezi sita aliyoipitisha stoo ya mashuka. Ya stoo tutayafikia. Mwenyewe amesisitiza yasirukwe.

Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alikuja kwetu na shahada ya hisabati, tena ya daraja la kwanza, na hospitalini jambo la namna hiyo halisameheki haraka. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi miaka mitatu katika kampuni ya bima, ndani ya chumba chenye zulia na feni mbili, akikadiria watu wa kila rika watakufa baada ya miaka mingapi. Anasema ilikuwa kazi tulivu. Hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika.

Kisha kampuni ikamtuma hospitali kunakili idadi ya vifo kutoka kwenye rejista. Alikaa kwenye benchi la wodi siku nne, daftari mapajani, nguo zimenyooka kwa pasi. Siku ya nne, muuguzi aliyekuwa akihangaika kufunga bendeji peke yake alimtazama akachoka. "Wewe dada uliyekaa hapo kama mgeni wa heshima, hebu njoo ushike huu mguu!" Akaenda, akaushika. Mguu ulikuwa wa mzee mmoja aliyekuwa akitukana kwa ufundi mkubwa, na ambaye, kwa mujibu wa majedwali ya kampuni, alipaswa kuwa amekufa miaka tisa nyuma. Hapo ndipo alipoanza kuwa na mashaka na majedwali.

Akiwa na miaka ishirini na sita aliingia chuo cha uuguzi, darasa moja na mabinti wa miaka kumi na minane waliomwita Shangazi. Nyumbani hakuna aliyeshangilia. Baba alitaka kujua ni nani aliyemroga, au kama amejiroga mwenyewe. Mama, mwanamke mwenye mbinu, aliwaambia majirani kwamba bintiye anafanya utafiti kuhusu wauguzi. Utafiti huo unakamilika mwezi huu.

Kazini shahada yake ilionekana kufaa kwa kila kitu isipokuwa uuguzi. Kura za chama cha wafanyakazi alihesabu yeye. Ratiba za likizo zilizomshinda kila mtu zilitua mezani kwake. Wakubwa wenye watoto wa sekondari walikumbuka kumsalimia kila mitihani ilipokaribia. Haki itendeke, tuseme pia kwamba mtu huyu anayekokotoa matone ya dripu kichwani hajawahi, hata mara moja, kupatia sukari ya chai ya watu sita.

Sasa ya stoo. Dozi ya mtoto hukokotolewa kwa uzito wake, na kanuni yetu inataka wauguzi wawili wapige hesabu kila mmoja kivyake, walinganishe, ndipo watie sahihi katika daftari la dawa. Alipokuja mtu wa shahada ya hisabati, wenzake walipumua. Nani akae ahakiki hesabu za Sista Hesabu? Muuguzi wa pili alikuwa anasaini tu, wakati mwingine akiwa amesimama mlangoni, wakati mwingine kabla dawa haijatajwa. Hakukuwa na uzembe ndani yake, kwa jinsi walivyoliona wao. Ilikuwa heshima.

Katika mwaka wake wa sita aliletwa mtoto wa degedege. Sista Hesabu alikokotoa dozi ya dawa ya kutuliza, mwenzake akasaini, mtoto akachomwa sindano, akalala. Baadaye bibi wa mtoto akauliza mbona usingizi umekuwa mzito hivi. Sista akamweleza kwa upole kwamba dozi imefuata uzito, kilo kumi na nane.

"Kumi na nane?" bibi akasema. "Huyu? Labda mmempima na kitanda chake."

Mtoto alikuwa na kilo nane. Zile kumi na nane zilikuwa za mtoto wa kitanda cha pili, ambaye faili lake lilikuwa limefunguliwa mezani. Hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mtoto ndiye hakuwa yeye.

Daktari aliitwa, na mtoto akahamishiwa chumba cha uangalizi wa karibu, ambako Sista Hesabu alikaa pembeni ya kitanda siku mbili akihesabu pumzi. Mtoto aliamka siku ya pili akidai uji. Kisha ikaja zamu ya ripoti. Muuguzi mkuu wa wakati ule, mama mwenye huruma, alimshauri aandike nusu ukurasa. "Sema mizani ilikuwa mbovu, mwanangu. Mizani haina watoto wa kulisha." Aliandika kurasa nne. Kila hatua ipo, moja baada ya nyingine, na hakuna inayomlaumu aliyesaini. Muuguzi yeyote mpya wa wodi yetu hupewa ripoti hiyo aisome siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo. Mimi niliisoma mara tatu, nikaogopa kushika sindano wiki nzima. Nadhani ndiyo makusudi yake.

Uongozi ulimpeleka stoo miezi sita akunje mashuka. Ilipokwisha, ukampa adhabu ya pili, ambayo kwa bahati mbaya ilifanana sana na zawadi: ofisi katika kitengo cha takwimu, meza yake mwenyewe, cheo kipya, na kutogusa mgonjwa tena. Kama hataki, arudi wodini kwa cheo cha chini, chini ya onyo kwamba kosa jingine lolote litamnyang'anya leseni. Alirudi wodini wiki hiyohiyo.

Tangu siku hiyo hajawahi kuwa wa kwanza kutaja jibu lake. Hukokotoa, hukunja karatasi, humgeukia mwenzake na kusema, "Sema wewe." Mwenzake lazima ampime mtoto upya, akokotoe, ataje. Wapo waliochukia. Wapo waliomwambia wazi, "Sista, unatuchelewesha, na jibu unalo!" Alikubali kwamba analo. Akaendelea kusubiri.

Mwezi uliopita kikao cha uongozi kilijadili kuondoa muuguzi wa pili, kwa kuwa wauguzi ni wachache. Hoja ilikuwa nzito: kwa miaka ishirini na mitano utaratibu huu wa wodi ya watoto haujaruhusu kosa hata moja la dozi kufika kwa mtoto, kwa hiyo kazi ya huyo muuguzi wa pili haionekani. Sista Hesabu aliuliza kama paa nalo lishushwe, maana humu ndani hakujawahi kunyesha. Uamuzi uliahirishwa hadi mwezi ujao, yaani baada ya yeye kuondoka. Hakuna aliyesema ni kwa makusudi.

Hilo ndilo lililomnyima raha wiki hizi za mwisho. Hakuogopa kusahauliwa, aliogopa kuaminiwa. Alijua kwamba siku watu watakapoanza tena kusaini kwa heshima, mtoto fulani atalala usingizi mzito.

Jumanne iliyopita alikuwa na muuguzi mwenye miezi mitatu tu kazini, binti ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona. Alimpima mtoto, akakokotoa, akataja. Sista akafunua karatasi yake: jibu lilikuwa jingine. Sote tuliokuwa pale tulisubiri binti aombe radhi. Akasema, "Hapana, Sista. Mimi sisaini."

Wakampima mtoto mara ya pili, wakakokotoa tena, mstari kwa mstari. Aliyekosea alikuwa binti. Sista Hesabu alimpa mkono na kumshukuru, kwa furaha ambayo wengi wetu hatujawahi kuipata kwake kwa jibu sahihi. Wodi imemchagua binti huyo atuwakilishe katika kikao cha mwezi ujao.

Asante, Sista, kwa miaka yote uliyotungoja tuseme. Tunakutakia afya, mapumziko marefu, na nyumba iliyojaa watu watakaokubishia.